Embouchure ya Mti

Préfet, mkuu wa shule niliyofundisha, alikufa Jumanne, na Jumatano asubuhi walikuwa tayari wamefika mlangoni kwangu kuniomba nimsifu. Watu watatu wa kamati ya wanafunzi wa zamani, wamevaa vizuri, wamebeba daftari. Yule mkubwa wao akasema, "Madame Zawadi, ni we tu unaweza kusema juu ya fanfari. Préfet ndiye baba ya muziki ya masomo yetu." Baba ya muziki. Nilikuwa nachagua mchele, na sikuinua kichwa, kwa sababu ningeinua wangeuona uso wangu. Mtu huyo hakujua kutofautisha tarumbeta na faneli ya kumwagia petroli. Katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikumwona hata siku moja akikaa dakika tano kusikiliza mtoto akipuliza. Lakini nikasema ndiyo, nitakuja, nitazungumza. Walipoondoka nilichanganya tena mchele safi na mawe niliyokuwa nimeshayatoa, nikalazimika kuanza upya. Hasira ilinifikisha hapo.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni mwaka wangu wa kwanza pale shuleni. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Niliajiriwa kufundisha Kifaransa darasa la saba na la nane, lakini kwa sababu watu walijua napiga tromboni kanisani, Préfet alinikabidhi pia fanfari, bendi ya tarumbeta ya shule, maana yake alinikabidhi ufunguo wa chumba. Chumba chenyewe kilikuwa depo ya chaki na majembe, nyuma kabisa ya ofisi yake, kina dirisha moja lililozibwa kwa bati. Ndani yake, chini ya magunia, kulikuwa na vyombo tisa vilivyoachwa na mapadri wa zamani: tarumbeta tano, tromboni mbili, na vingine viwili vikubwa ambavyo panya walikuwa wamehamia. Tulivitoa nje tukaviosha kwa sabuni ya kufulia na majivu. Watoto waliojiandikisha walikuwa kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika chombo. Siku ya kwanza kila mmoja alitaka tarumbeta nzima, anyooshe mkono, apigwe picha. Niliwanyima. Nilichomoa zile embouchure tu, kile kikombe kidogo cha shaba unachobandika mdomoni, ambacho bila hicho tarumbeta ni bomba la bure. Nikawaambia kwa mwezi mzima hiki ndicho chombo chenu. Mdomo kwanza, tarumbeta baadaye.

Mtu asiyejua kazi hii hawezi kuelewa mwezi ule. Watoto kumi na wanne katika depo ya chaki, wanapuliza vikombe vya shaba, sauti kama bata waliokanyagwa, midomo inavimba, mate yanachuruzika, mmoja anacheka na wote wanaharibikiwa. Niliwapa zoezi moja: sauti tatu ndefu, inayofuata iko chini ya iliyotangulia, polepole, bila kutetemeka. Asubuhi sauti tatu, mchana sauti tatu. Niliwaruhusu kwenda na embouchure nyumbani, zimefungwa kwenye leso shingoni, na wazazi wakaja kulalamika kwamba hawapati hata kusali. Shida ni kwamba embouchure zilikuwa tisa na watoto kumi na wanne, hivyo wengine waligawana, wiki yako, wiki yangu. Neema na Trésor waligawana moja. Trésor alikuwa mvulana mwembamba wa kutoka Lubunga, mpole, anavuka mto kila asubuhi kwa pirogi. Neema alikuwa na miaka kumi na mitatu, binti wa wavuvi wa pale kwenye maporomoko ya mto, na wiki ambayo haikuwa yake alikuwa anakaa dirishani anapuliza ngumi yake.

Ninasema kweli, sikumpenda kwanza. Alikuwa na jeuri. Ukimwambia arudie mara tano, anarudia mara nane, halafu anakuangalia. Jumamosi moja nilienda kwao kuwaomba wazazi wavumilie kelele. Walikuwa wakila lituma, ndizi zilizopondwa na mihogo, na samaki wa kuchemsha mwenye pilipili, na mama yake akanisogezea kigoda kabla sijasema nilichojia. Baba yake, ambaye kila mtu alimwita Papa Neema, alikuwa mtu wa maneno machache mwenye mikono iliyochanika kwa kamba za mitego. Baada ya kunawa aliniomba ile embouchure. Akaigeuza, akachungulia tundu lake, akatia kidole kidogo. "Hii iko kama kiko ya kuvutia tumbaku," akasema. "Juu ya nini mutoto angojee wiki muzima? Mi nachonga kasia, nachonga mutumbwi. Hii ni kitu kidogo." Nilicheka. Nikamweleza kwamba ni chuma, kwamba hewa, kwamba kipimo. Alinisikiliza kwa heshima yote, akamaliza samaki wake. Jumatatu Neema alikuja na embouchure ya mti shingoni, nyeusi, laini kama kokwa, imepakwa mafuta ya mawese. Tuliitia kwenye tarumbeta, ikaingia. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama mtu aliyeamka sasa hivi, lakini ilikuwa sauti kamili, na ndani ya depo ile hakuna aliyecheka.

Tangu siku hiyo alifanya mazoezi kwa zote mbili, ya shaba wiki yake, ya mti siku zote. Mwezi wa tano walikuwa wanapiga mstari wa kwanza wa wimbo wa taifa. Si vizuri. Lakini ukisimama nje ulijua ni wimbo gani, na mimi nilisimama nje makusudi, nikasikiliza, nikasikia machozi yananijia. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Ukuta kati ya depo na ofisi ya Préfet ulikuwa wa mbao. Yeye alijua tunamsumbua. Hakujua kwamba nasi tunamsikia. Siku moja nikiwa peke yangu napanga vyombo nilimsikia akimwambia mkuu wa nidhamu, "Mkubwa ya serikali kutoka Kinshasa iko anakuja kuona masomo. Batoto ya ule Madame batanipatisha haya. Mi nataka muziki, sitaki mazoezi." Mwenzake akauliza, "Alors, tuwaondoe?" Na Préfet: "Hapana. Bakae mbele, banaonekana vizuri. Lakini basipulize." Nilibaki nimeshika tambara. Baada ya nusu saa aliniita, akanisimamisha mbele ya meza yake kama mwanafunzi, akaniambia mpango. Atawaleta wanaume wa fanfari ya matanga kutoka ng'ambo ya mto, kundi la Papa Bosco, ambao kazi yao ni kupiga kwenye misiba. Watavaa sare ya shule, shati nyeupe na suruali ya bluu, watasimama nyuma chini ya baraza, kwenye kivuli, na ndio watakaopiga. Watoto wangu watasimama mbele na tarumbeta mdomoni, na vyombo vitano vilivyopungua ataviazima kwa Papa Bosco, bila embouchure. "Na we Madame, utakusanya embouchure zote. Mutoto bila embouchure hawezi kukosea."

Nilipaswa kukataa. Mnaosoma hapa mnajua, na mimi pia nilijua, pale pale, miguu yangu ikiwa juu ya saruji ya ofisi ile. Nikasema, "Monsieur le Préfet, batoto bamefanya mwaka muzima." Akasema, "Bon. Batafanya na mwaka kesho." Akarudi kwenye karatasi zake. Na mimi nikatoka, nikachukua kopo tupu la maziwa ya unga, nikapita kwa kila mtoto nikikusanya. Wanazifungua kutoka kwenye leso zao, wanazifuta kwanza, maana nilikuwa nimewafundisha usafi, kisha wanazitia koponi, na kila moja inalia inapoangukia nyingine. Trésor akauliza, "Madame, tutapuliza na nini?" Nikamjibu, "Mtajaza mashavu." Nimewahi kusema maneno mabaya katika maisha yangu, kwa mume, kwa dada zangu, lakini hayo mawili ndiyo ninayoyasikia nikiamka.

Wanaume wale walikuja siku mbili kabla. Papa Bosco alikuwa na mvi ndevuni, ikabidi anyolewe. Suruali za wanafunzi ziliwaishia juu ya vifundo vya miguu, na mmoja alikuwa na tumbo lililokataa kabisa kufungwa vifungo. Walilishwa wali na makayabu, samaki wa chumvi, katika chumba cha walimu wakati watoto wangu wakisimama juani kufundishwa namna ya kuinua vyombo kwa pamoja, na kuvimbisha mashavu kwa pamoja, na mkuu wa nidhamu akipita na fimbo kuhakikisha mashavu yamevimba. Sina ugomvi na Papa Bosco. Alinijia akiwa na haya, akasema, "Madame, tuko bantu ya matanga. Hii wimbo tunaisoma kwa siku mbili tu. Sisi hatuna mutu wa kutuonyesha na mukono. Kwetu tarumbeta ya mbele inaita, sisi tunaingia." Alinieleza desturi yao: kila wimbo wa msiba una mwito wake, tarumbeta moja ikiutoa mwito, wengine wanajua ni wimbo gani na wanaingia bila kufikiri, hata wakiwa wamechoka, hata wakiwa wamelala nusu. Nilimsikiliza nusu nusu. Nilikuwa nimeshughulika na hasira yangu.

Siku yenyewe kulikuwa na viti vya plastiki, turubai, wamama wa mapishi na masufuria yao pembeni, na wazazi nyuma ya kamba. Papa Neema alikuwa amekuja na shati iliyopigwa pasi hadi mikunjo inakata. Mke wake alikuja, na majirani wao wengi wa maporomoko, kwa sababu binti yao atapiga tarumbeta mbele ya Mkubwa. Hakuna aliyewaambia kwamba watoto hawatapiga. Nilipita kwenye mstari kuwanyoosha watoto kola, na nilipofika kwa Neema nikaona. Kwenye tarumbeta yake, pale ambapo palipaswa kuwa na tundu tupu, palikuwa na ile embouchure ya mti. Ya shaba alikuwa ameitia koponi kama wengine. Ya mti sikuwa nimemwomba, na sikuwa nimeisahau pia. Aliniangalia. Macho yale yale ya kurudia mara nane. Na mimi, nisikilizeni vizuri, nilimnyoosha kola nikapita. Nilitaka apulize. Nilitaka mtu mmoja pale amkatalie yule bwana, na kwa kuwa sikuwa na moyo wa kuwa mtu huyo, nilimwachia mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Mkubwa akasimama kwa ajili ya wimbo wa taifa. Papa Bosco alikuwa anasubiri ishara ya mkuu wa nidhamu, na kabla haijaja, Neema akapuliza. Hakuanza wimbo wa taifa. Midomo ya mtu mwenye hofu inakwenda kwenye kitu inachokijua, na yake ilikwenda kwenye zoezi langu: sauti tatu ndefu, zikishuka polepole, bila kutetemeka. Zilikuwa nzuri. Kumbe sauti tatu zinazoshuka hivyo ndizo mwito wa wimbo wanaoupiga wakati jeneza linatoka nyumbani. Wanaume wale wameuitika mwito huo maelfu ya mara. Waliingia. Tromboni, ngoma kubwa, vyote, kwa nguvu na kwa ufundi wote wa kazi yao, wakapiga wimbo wa kutoa maiti mbele ya mgeni aliyetoka Kinshasa. Wamama wa mapishi waliweka chini miko yao, na mmoja akaanza kulia kilio chenyewe cha msiba, kwa mazoea tu, na wawili wakamfuata. Wazazi wakavua kofia. Watoto wangu waliendelea kuvimbisha mashavu. Na Neema katikati yao, macho yamefumbwa, anarudia sauti zake tatu, tatu tena, na baba yake nyuma ya kamba amesimama wima kama mlingoti. Préfet alikuwa na rangi ya majivu.

Jioni hiyo hiyo alimfukuza. Tulikuwa watano ofisini: Préfet, mkuu wa nidhamu, Neema, baba yake, na mimi. Embouchure ya mti ilikuwa juu ya meza, juu ya karatasi, kama ushahidi wa wizi. Papa Neema alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. "Monsieur le Préfet, ni mi nilichonga. Mutoto hana kosa. Kama ni azabu, munipatie mi." Préfet alinigeukia mimi. "Madame, nilikuambia ukusanye. Uliona hii kitu?" Neema aliinua kichwa. Hakusema, Madame aliiona. Angeweza, na hakusema. Alingoja tu niseme mwenyewe. Chumba kilikuwa na joto, kulikuwa na nzi kwenye glasi ya Préfet, na nilikuwa na kazi ambayo nilikuwa nimeitafuta miaka miwili. Nikasema, "Hapana, Monsieur le Préfet. Sikuiona." Basi. Alisaini karatasi. Akaisukuma embouchure kwa ncha ya kalamu yake mpaka ikaanguka kwenye pipa la takataka. Ningependa kuandika hapa kwamba baada ya wao kutoka niliiokota, kwamba ninayo mpaka leo. Sikuiokota.

Na sikilizeni mwisho wake, ndio unaonichoma zaidi. Mkubwa hakukasirika. Alidhani wimbo ule ulikuwa wa makusudi, wa kuwakumbuka waliokufa kabla yetu, na watu wakasema alifuta macho. Baada ya miezi michache likaja sanduku, na ndani yake vyombo vipya, vinang'aa, na barua ya kumpongeza Préfet kwa fanfari yenye moyo. Ndivyo alivyokuwa baba ya muziki. Kwa sauti tatu za mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfukuza. Hakuna aliyeshuka hadi kwenye maporomoko kwenda kumwita arudi, si yeye, si mimi. Nilifundisha kwa vyombo hivyo miaka kumi na miwili. Nilisifiwa. Nilizipokea sifa hizo, nikala.

Miaka yote hii nimemchukia mtu yule kwa bidii. Nikimwona sokoni nilikuwa ninabadilisha njia. Kwa hiyo nilikwenda kwenye matanga yake nimejiandaa: nimevaa kitenge changu kizuri, maneno nimeyapanga, nitamvua nguo mbele ya watoto wake na watu wa kanisa lake. Turubai lilikuwa kubwa, viti vimejaa hadi barabarani, na fanfari ilikuwa upande wa kulia, na aliyekaa mbele na tarumbeta alikuwa Trésor. Amekuwa mtu mzima, ana kitambi kidogo, na kundi la Papa Bosco ni lake sasa. Aliponiona alisimama. Na nilipotafuta kiti nilimwona Neema amekaa kati ya wamama, kanga begani, mikono ya mtu anayekata samaki kila siku. Alinisogezea kiti kama mama yake alivyonisogezea kigoda. Tulisalimiana habari za watoto, habari za afya. Sikuweza kuvumilia. "Neema," nikamwambia, "yule mtu alikuharibia masomo yako. Leo nitasema yote."

"Préfet?" akasema. "Préfet nilimujua, Madame. Ye alikuwa vile. Ile siku mi nilikuwa naangalia we."

Nikanyoosha kitenge changu magotini.

"Sikuja juu yake," akasema. "Baliniambia utasema. Nilikuja kuona kama leo utasema."

Waliita jina langu. Nilisimama na hotuba yangu yote ya hasira, nzuri, iliyonolewa kwa miaka ishirini, na njiani kuelekea kipaza sauti nikagundua kwamba haifai kitu, kwa sababu ndani yake mimi sikuwemo. Nilishika kipaza sauti nikasema, "Mimi ni Zawadi. Nilikuwa mwalimu wa fanfari. Nitawaambia nilivyodanganya." Nikaanza na kopo la maziwa. Nilipofika kwenye mashavu, watu wa familia walianza kunong'ona. Nilipofika kwenye wimbo wa jeneza, mtoto wa kwanza wa marehemu akasimama, na yule mkubwa wa kamati akafanya kile kinachofanywa kwenye kila matanga ya mji huu msemaji akianza kupotea: aligeukia fanfari akapunga mkono, wapige, wamfunike. Wanaume wakainua vyombo vyao. Ngoma kubwa ikawekwa tayari. Wote wakamtazama Trésor, kwa sababu tarumbeta ya mbele isipoita hakuna anayeingia.

Trésor alikuwa ameiinua mpaka mdomoni. Aliniangalia mimi, halafu Neema. Kisha akaishusha magotini, akachomoa embouchure, akaifuta vizuri kwa leso kama nilivyomfundisha, akaitia mfukoni mwa shati lake. Na mimi nikaendelea, mbele ya watu wote, mpaka nikafika ofisini, mpaka kwenye lile swali, na safari hii nikajibu, "Ndiyo. Niliiona."